Mchanga Uliolowa Chini ya Gari

Alhamisi, baada ya Laasiri. Joto, na upepo hata wa kutikisa jani hakuna. Nimeoga mara mbili lakini mikono bado inanuka rejeta.

Chai imepoa kikombeni, sijaigusa. Mtu mzima mimi, na watoto wawili, nimejikalia na simu naandika haya.

Kwa mnaosoma hapa na hamnijui: niliendesha boti za abiria kati ya Lamu na Mtangawanda, gati ya kisiwa chetu, miaka kumi na miwili. Mwaka jana mke wangu alinisihi niache bahari, kwa sababu kila upepo ulipochafuka alikuwa hali chakula mpaka nirudi. Nikapata kazi ya kuendesha pikapu ya milango minne hapa Siyu. Magari ya kisiwa hiki yanahesabika kwa vidole. Nikajiona nimepanda nchi kavu, hatari nimeiacha majini.

Kumbe nilikuja na akili ya boti kwenye gari.

Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari. Inayavuta chini, yanazunguka ndani, kisha yanatoka nyuma kwa kitundu kidogo. Ukiwasha tu, kitu cha kwanza ni kugeuka kuangalia kama inakojoa. Ikikojoa, ni nzima, twende. Isipokojoa, zima haraka, utaiunguza. Somo hilo nilipewa kabla sijaota ndevu na halijawahi kunitoka.

Basi kwa wiki mbili, kila asubuhi nikitoka msikitini, nimekuwa nikikuta mchanga umelowa chini ya pikapu, karibu na gurudumu la mbele. Nilisema nini? Nilisema Alhamdulillah, inakojoa.

Nilifurahi.

Rejeta niliijazia mara moja tu, kwa maji ya kisima yenye chumvi. Niliwaza kwamba mashine ya boti inakunywa bahari nzima na haifi, sembuse hii. Na juzi ile taa nyekundu ya joto ilipowaka kwenye dashibodi, nilipunguza mwendo ikazimika, nikasema yameisha. Huo ndio ujinga wangu. Nauandika mwenyewe kabla hajauandika mwingine.

Leo saa tatu asubuhi Sista Mwende wa zahanati alinipigia simu. Zena, binti wa jirani yangu Bi Khadija, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri na damu ilikuwa inamtoka kuliko kawaida. Ilibidi apelekwe hospitali, Lamu. Boti ilikuwa imeshaitwa, inasubiri Mtangawanda. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mamake. Sista akakaa mbele, amegeuka nyuma, ameinua chupa ya dripu.

Katikati ya njia, penye vichaka vya miiba na hakuna nyumba, taa ikawaka. Nikapunguza mwendo. Haikuzimika.

Hapa nitasema lile ambalo sitaki kulisema. Niliusogeza mkono wangu juu ya usukani ili Sista asiione.

Aliiona.

"Bwana Shee, zima gari," alisema kwa sauti ya chini, Zena asisikie. "Ya njano unaangalia. Nyekundu unasimama."

Nikamwambia Mtangawanda si mbali. Sista ni Mkamba wa Kitui, babake alikuwa dereva wa lori, na injini zilizokufa kwa sababu ya "si mbali" amezijua tangu utoto wake. Aliniuliza kama ikifia pale nitambeba Zena mgongoni. Gari lingine lilikuwa Kizingitini, upande mwingine wa kisiwa, na pikipiki haimchukui mtu wa hali ile.

Nikazima.

Baharini mashine ikifa najua la kufanya. Natia nanga, napunga kitambaa, nangoja wenzangu. Pale nilisimama tu kando ya barabara na sikujua hata mikono niiweke wapi. Zena alikuwa akimwita mamake. Kisha akaacha kumwita, na huko kunyamaza kulinitisha kuliko damu. Niliogopa, wallahi, kuliko siku yoyote ya mawimbi.

Nilifungua boneti, nikaurukia mfuniko wa rejeta. Sista alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikudhani anazo. Ningeufungua wakati ule, mvuke ungeniondoa uso. Akaniambia ningoje, akarudi kwa mgonjwa wake. Nikaingia chini ya gari, nikaona. Bomba la mpira la rejeta lilikuwa limelegea kwenye kibanio, na maji yalikuwa yanadondoka palepale, tone baada ya tone, upande ule ule wa mchanga wangu wa kila asubuhi.

Nikalikaza kwa mpira wa tairi ya baiskeli, maana mtu wa boti haukosi mfukoni. Tulingoja karibu nusu saa. Nilipoufungua mfuniko kwa kitambaa, polepole, ndani mlikuwa na tope jekundu la kutu na hakuna maji ya kutajika. Na maji ya akiba sikubeba.

Bi Khadija alikuwa na dumu la maji ya mvua yaliyokingwa kwenye jabia lao, amembebea mwanawe akanywe hospitali. Alilipitisha dirishani. "Tia," akasema. "Yatie yote."

Nikayatia kidogo kidogo mpaka dumu likaisha. Njia iliyobaki macho yangu yalikuwa kwenye taa kuliko barabarani. Tulifika. Boti ilipoondoka nao watatu, nikakaa pale gatini kwenye jua mpaka injini ikapoa, ndipo nikarudi nyumbani.

Adhuhuri ilikuwa imepita Sista aliponipigia kutoka Lamu. Zena ameongezwa damu, yuko hai. Amezaa msichana, naye yuko hai. Daktari amesema wangechelewa kidogo tena, angekuwa na habari nyingine ya kutupa.

Baadaye akapiga Bi Khadija. Aliniombea dua ndefu. Alisema Mungu aliwapa dereva mwenye macho, aliyeiona taa akasimama.

Nikaitikia amina.

Nimeitikia amina! Chakula kikanishinda. Nikampigia tena, nikamweleza yote: mchanga uliolowa wiki mbili, taa ya juzi, mkono wangu juu ya usukani. Nilisikia kitoto kikilia karibu yake, kilio chembamba. Kisha akauliza neno moja tu.

"Siku ya kurudi, utatuyia wewe?"

Sijui kama alikuwa akiniomba nije au akiniomba nisije. Sikuthubutu kumuuliza. Nilimwambia fundi anakuja Jumamosi kutoka Mokowe na bomba jipya, na mpaka atakapomaliza ufunguo atakaa nao Sista Mwende. Nimeshauacha zahanati, aukute akirudi kutoka Lamu.

Kesho nikimaliza kuswali alfajiri nitapiga magoti mara nyingine, chini ya gari, niupapase mchanga kwa kiganja. Ya Rabi, niukute mkavu.