Mgomba Ndani ya Koti la Baba

Kwetu mlimani, Same
9 Novemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bendera, na safari hii nauliza kwa kutaka kujua, siyo kwa desturi. Sisi huku hatujambo. Vuli imeanza, tangawizi imechipua, mguu wa mama umepata nafuu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako siku hizi inapokelewa na mtu anayepumua tu. Nimempa Hamidu wa fuso, anayepeleka mizigo huko, akufikishie mkononi. Yeye anakujua kama mteja wangu wa tangawizi, basi.

Mdogo wangu Elinaza alifaulu kidato cha sita. Mwezi wa saba nilimpeleka Same mjini kwa Irine wa steshenari amjazie maombi ya mkopo wa chuo. Walipofika penye mzazi wa kiume, Irine akauliza kama uko hai au umefariki. Nikamweleza kuwa uliondoka miaka saba iliyopita kwenda kulima mpunga, hukurudi. Akasema mfumo una visanduku viwili tu, cha waliopotea hakuna. Ukiwa hai, tulete kitambulisho na sahihi yako. Ukiwa umefariki, tulete cheti, na yatima hufikiriwa mapema. Elinaza alilia pale pale, kwenye mashine ya fotokopi.

Tukakaa kikao. Baba mdogo Nathanaeli alisema jambo ni jepesi: zamani mtu akipotelea mbali walizika mgomba badala yake, msiba ukaisha. Kijiji kikishuhudia, barua itaandikwa na cheti kitafuata. Mama alikubali upesi kuliko nilivyotegemea. Alisema amechoka kupika kwa kukadiria kama utakuja.

Basi tulikuzika, Baba, Jumamosi ya kwanza ya Agosti. Mgomba tuliuvika koti lako la kanisani. Mwinjilisti aliomba kwa kifupi, macho wazi. Makande yalitosha. Watu walilia vizuri, hata Anold uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba, ingawa alilia huku akiutazama mpaka.

Kosa ni la baba mdogo. Alikata mgomba vibaya, akauacha na kitako chake chenye mizizi. Wiki ya tatu ukachipua katikati ya kaburi, palipo kifua. Nikajiambia mgomba ni mgomba. Lakini Jumatano moja mbuzi alikula ncha ya jani, na Ijumaa Hamidu akanisimulia kuwa amekuona sokoni Bendera umejifunga kitambaa sikioni, kinavuja. Akaongeza kuwa ulikuwa unasalimia watu na hakuna aliyekuitikia. Yeye mwenyewe alifungua mdomo, sauti ikagoma. Tangu siku hiyo mgomba nimeuzungushia miiba.

Sasa nikuambie nililowaficha wote. Wao walizika mtu waliyeamini hayupo. Mimi nilikuwa na namba yako mwaka mzima, na nilijua umeanza kufikiria kurudi. Siku ile, wakati wanatupia udongo, simu ilitetemeka mfukoni mwangu. Nikasogea nyuma ya zizi, nikapokea. Uliniambia kuwa ni saa saba mchana na huko Bendera kumekuwa giza ghafla, ukaniuliza kama na huku ni hivyo. Nikatazama juu. Jua lilikuwa linawaka. Ukasema kitu kizito kimekukalia kifuani. Nikakata simu, nikarudi, nikachukua koleo, nikajaza udongo uliobaki.

Majina yametoka, Baba. Elinaza amepata mkopo wote, na Jumatatu ameondoka kwenda Dodoma kusomea uuguzi, na begi jipya. Yeye anaamini ni yatima. Ukipanda mlimani huku ukaonekana hata na mtu mmoja, atarudishwa nyumbani. Nikiung'oa mgomba, sijui utapona au ndiyo utakwenda moja kwa moja, na sina wa kumuuliza bila kujitaja. Kwa hiyo nakuomba ukae huko huko. Masomo ni miaka minne. Mbuzi nitawalinda mwenyewe.

Baba mdogo anakusalimu bila kujua. Mama naye anakusalimu. Kila asubuhi anakusalimu akimwaga maji penye shina la mgomba, na juzi aliniambia, kwa furaha kabisa, kwamba siku hizi unaitikia.

Mwanao,
Gideoni