Mama, Nilikataa Kumnywesha

Mama,

Ulinichagua mimi, ukaondoka kabla ya kuniona nimepambwa. Basi acha nianze na habari uliyoitaka: tumeoana. Mwanao Munir sasa ni mume wangu, na furaha niliyonayo sijui niiweke wapi. Akitoka kwenda kazini nakimbilia dirishani, namtazama mpaka akate kona ya Ndia Kuu. Akirudi, nasikia nyayo zake ngazini na moyo unanienda mbio kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kuposa. Watu wakiniita mke wa Munir bado naona haya, kisha natamani waniite tena.

Tunalala chumbani mwako. Nilitaka kukuomba ruhusa, lakini ningekuombea wapi? Kitanda cha samadari ni kile kile, kioo ni kile kile, nimebadilisha mapazia tu. Na kila siku, kabla ya adhana ya alasiri, chumba kinaingia harufu ya mrehani. Si udi, si asmini zangu. Ni mrehani mbichi, kama uliofinywa sasa hivi kati ya vidole. Mara ya kwanza nilidhani upepo umeishusha kutoka darini, juu ya paa, kwenye makopo yako ya mrehani. Nikapanda kutazama. Asubuhi hiyo Munir alikuwa amechuma majani yote kupeleka maabara. Makoponi mlibaki vijiti vitupu.

Nikarudi, nikakaa kitandani, nikasema, "Karibu, Mama." Sikuogopa. Siku hiyo sikuogopa.

Unakumbuka siku niliyokuja na mama yangu baada ya posa? Ulinishika mkono ukanipandisha darini, tukiwa mimi na wewe tu, ukanichomeka tawi la mrehani nyweleni, ukaniita Kilua. Ua lile lenye harufu nzuri, ulisema, ndilo mimi. Hujawahi kuniita hivyo mbele ya mtu, nami sijamwambia mtu. Ukanionyesha namna ya kumwagilia: "Kilua wangu, mrehani ni kama mume, usiuache na kiu. Sahani ya chini ya kopo isikauke." Tulicheka mpaka mama yangu akaita kutoka chini kuuliza kuna nini.

Kisha kidingapopo kikakuchukua. Homa ile ya kuvunja mifupa, na damu baada yake. Nilisikia nikiwa kwetu. Sikuwahi hata kukuaga.

Munir hakutulia tangu hapo. Unajua ni msaidizi wa maabara, upande wa Ganjoni. Wakubwa zake walikuwa wakitafuta mimea ya kupigana na virusi, naye akawapelekea mrehani wako. Siku moja alinichukua nikaone. Walichemsha majani wakayachuja, wakayamimina katika maji meupe yenye chumvi ya fedha, fedha ile ile ya bangili. Wakaiacha chupa juani. Hakuna aliyeikoroga, hakuna aliyeigusa, Mama, nayo ikaanza kubadilika yenyewe. Ikawa manjano, ikawa rangi ya asali, ikawa hudhurungi kama chai iliyokolea. Munir akaninong'oneza kwamba majani yanaigeuza ile fedha kuwa chembe ndogo mno, chembe za nano, hata ukizipanga elfu moja zinatoshea katika unene wa unywele mmoja. Zinavigandama virusi pande zote, visiweze kuingia ndani ya seli. Kemia yangu ya kidato cha nne haikunionyesha maajabu kama hayo. Nilishindwa kuondoa macho. Ilikuwa kama kutazama mtu akiamka.

Mrehani ulionunuliwa sokoni Marikiti ulichelewa sana kugeuka rangi. Wako uligeuka kabla hatujamaliza chai. Wakubwa wanasema ni udongo, au ni jua la darini. Huenda.

Makopo yalipoishiwa, Ijumaa moja tulikuja kwako makaburini. Mimi nilisimama nje ya ukuta kama ilivyo desturi yetu wanawake, nikimtazama kupitia langoni. Alikusomea Yasini. Kisha akainama juu yako, kwenye mrehani alioupanda kwa mkono wake, akaanza kuchuma. Akatoka na kofia yake imejaa majani. Nikamwuliza:

"Hata hapo, Munir?"

Akatabasamu, macho yamejaa machozi. "Mama hajawahi kuninyima kitu."

Majani yako hayo, aliniambia, yaligeuka haraka kuliko yote. Na kwenye visahani ambamo huotesha seli na kuzitia virusi vya kidingapopo, seli nyingi zilibaki hai. Alirudi nyumbani akiruka ngazi, akanizungusha chumbani kama mwendawazimu, akanipa kichupa kidogo kilichozibwa, kina matone kadhaa ya ile hudhurungi. Wanaume wengine huleta dhahabu. Wangu aliniletea wewe.

Nikakiweka mbele ya kioo, kati ya marashi yangu. Lakini aliniapisha kwamba hakuna atakayekinywa. Kinachookoa seli kisahanini hakijulikani kitafanya nini katika ini na figo za mwanadamu. "Bado si dawa, mpenzi," alisema. "Itachukua muda mrefu. Bado."

Halafu homa ikamshika yeye.

Alipimwa, ikawa ni ile ile yako. Daktari akatuambia anywe maji kwa wingi na panadoli tu, na damu ikionekana arudishwe mbio. Kisha akanigeukia mimi: "Nyumbani mna maji yaliyosimama? Mbu hawa huuma mchana, na hutaga kwenye maji masafi." Nikajibu kwa fahari kuwa hayapo, nyumba yetu ni safi. Tulipofika mlangoni ndipo nikakumbuka makopo.

Nilimwacha na Mama mdogo Rukiya, nduguyo, nikapanda peke yangu. Ilikuwa jua la utosi, maduka ya chini yamefungwa, mji mzima kimya. Nikanyanyua kopo la kwanza. Sahani yake, ambayo nimeijaza kila asubuhi tangu niwe bi harusi, nikiimba, ilikuwa inatikisika. Viluwiluwi vya mbu. Na ya pili. Na zote. Mama, tulidhani tunaunywesha mrehani. Kumbe tulikuwa tunawanywesha wao, wewe kwanza, kisha mimi.

Nikamwaga yote. Nikashuka kwa Munir.

Chumba kilikuwa kimejaa harufu yako, nzito, kana kwamba mtu amesimama mlangoni na tita zima la mrehani.

"Mama mdogo, wanusa?"

"Nanusa nini? Nanusa homa, mwanangu."

Munir akafungua macho. Hakunitazama mimi, alitazama nyuma yangu. Akasema, kwa sauti laini ya taratibu ambayo si yake, "Kilua wangu. Mume asiachwe na kiu. Mnyweshe." Na kidole chake kikaonyesha kichupa.

Mama mdogo akainuka. "Ushasikia mwenyewe! Dawa i pale kiooni, nawe wamtizama tu?"

"Bado si dawa."

"Yatoka kwa mamake! Mama atamdhuru mwanawe?"

Mama, nilikuwa nimetoka darini sasa hivi. Nilijua kwamba mama aweza kumdhuru mwanawe huku akimpenda kwa kila tone.

Nikakichukua kichupa. Kilikuwa na joto, kama kilichotoka kiganjani mwa mtu. Munir mzima aliniambia bado, na Munir wa homa anasema mnyweshe, na nyuma yake ni wewe, uliyenichagua. Nilitaka sana kukutii. Nikasema kwa sauti, "Hapana, Mama."

"Hapana nini?" Mama mdogo akafoka. "Wanijibu mimi?"

Nilikuwa nimeona damu kwenye ufizi wa Munir. Nikakitia kichupa kifuani, nikateremka barabarani bila hata buibui kuita tuktuk, na wauza vinyago wawili wakanisaidia kumshusha. Harufu ilitufuata ngazini mpaka mlangoni, ikasimama hapo.

Hospitali walimtundikia maji. Nilikaa sakafuni kando ya kitanda chake nikisoma kila sura niliyoihifadhi, na nilipoishiwa nikamsimulia harusi yetu upya. Polepole damu ikakoma, joto likashuka, akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwuliza kama analijua jina la Kilua.

"Ua lile?" akasema. "Kwani vipi?"

Sasa amepona, Mama. Amekonda, lakini anakula, na jana alinitania kuwa mchuzi wangu unaweza kumfukuza mbu. Kichupa kimerudi maabara. Kazi inaendelea, na siku moja, Mungu akijaalia, wengine watapona kwayo. Makopo sasa nayamwagilia juu tu, sahani nimezivunja. Nimemwomba asichume tena kaburini, amekubali.

Lakini bado unakuja. Alasiri ikikaribia harufu inaingia, na siku hizi haisimami mlangoni. Inasimama upande wake wa kitanda, naye hugeuka usingizini kuielekea.

Sijui kama siku ile ulitaka kumponya au kumchukua. Sikuulizi. Nikiwa na mwanangu huenda nami nitataka yote mawili. Nilikukataa, na ungeniambia tena leo ningekukataa tena, nikiwa na mapenzi yale yale kwako.

Nakuahidi nitamtunza. Dawa ikiwa dawa kweli, nitakuja kusimama nje ya ukuta nikwambie mimi mwenyewe. Na saa yake ikifika, awe mzee mwenye mvi, nimemchosha kwa mapenzi, nitamtoa mlangoni kwa dua aje kwako. Si kabla. Hadi hapo ni zamu yangu.

Kwaheri, Mama. Lala. Usimngojee.

Mkaza mwanao akupendaye,
Salma