Petroli ya Baba Kwenye Tangi la Dizeli

S.L.P. 47,
Mogogosiek.
5 Agosti 2025

Mpendwa ndugu yangu Kipkosgei,

Chamgei! U mzima huko Uswidi? Baridi imekuachia vidole vyote? Sisi hatujambo. Mvua inanyesha, chai inachipua kutushinda kuchuma, na Mama amenenepa kwa furaha.

Harusi ya mdogo wetu Joan ilifana Jumamosi, na lazima nikupe yote.

Unajua Baba aliapa kumpeleka kanisani kwa pikapu yake, ileile iliyomleta nyumbani kutoka hospitali akiwa mchanga. Lakini tangu Juni, asubuhi zenye baridi ilikuwa inakohoa, inatoa moshi mweupe hadi ng'ombe wanakimbia, kisha inazima. Mume wangu Weldon alipotaja kukodi gari lingine, Baba alinuna, akakataa hata chai.

Ulipopiga simu ukauliza anatia mafuta gani, ndipo tukajua. Alikuwa anachanganya dizeli na petroli!

"Petroli inashika haraka. Hata mtoto anajua!" alifoka.

Ulimweleza vizuri kweli. Kwamba injini ya dizeli haina cheche, mafuta hujiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Baridi ikizidi joto hilo hupungua, kwa hivyo yanatakiwa mafuta yaliyo tayari kujiwasha, na petroli, bila cheche, ni kaidi. Mzee alinirudishia simu bila kukuaga. Lakini Ijumaa nilimkuta chini ya pikapu, anamwaga tangi lote ili atie dizeli tupu. Nilicheka mpaka akanirushia kitambaa chenye mafuta.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito. Joan alikaa mbele na shela yake, sote tumebana pumzi. Baba akazungusha ufunguo. Iliwaka mara moja, moshi haupo! Mama alipiga vigelegele, Joan akalia, vipodozi vyote vikaharibika.

Kanisani Baba alikataa kuizima, akihofia haitawaka tena. Ilinguruma nje hadi mchungaji akamsihi kwa maikrofoni akaizime, watu wakavunjika mbavu, naye akatoka kuizima.

Ibada ilipoisha, aliharakisha kwenda kuiwasha tena, imeshapoa. Iliitika. Nilimkuta ameshika usukani, machozi yanamtoka.

"Mwambie Kipkosgei," akasema, "hata yeye alikuwa kwa harusi."

Mama, Weldon na shangazi Chepkemboi wanakusalimu sana. Mungu akutunze na kukufanikisha masomoni.

Dadako akupendaye na kukukosa,
Chemutai