Mlango wa gareji umenianika

Swahiba, naapa kwa mvi zangu zote, hapa sijatia chumvi hata punje.

Mlango wa gareji umeninyanyua! Ulikwama, nikaupiga teke, ukafyatuka, ukanasa mkanda wa suruali, ukapanda nami. Nikaning'inia darini kama shati kwenye kamba!

Mama watoto akatoka. Badala ya kunishusha, akauliza: "Si unaupaka mafuta kila Jumamosi?"

Nami huko huko juu: "Kila Jumamosi, mke wangu!"

KILA JUMAMOSI, nimesema mimi!

Fundi akaja, akanishusha, akaokota kopo la mafuta. "Mzee, hili halijafunguliwa bado. Ila kwenye gari lako humu garejini kuna mto na blanketi."

Nakuandikia nikiwa ngazini, brashi ya mafuta kwapani. Mama watoto kaketi chini na chai yake: "Hilo gurudumu la mlango umeliruka, baba. Rudi!"