Nimeliondoa Neno Langu juu ya Masizi

Logiri,
kwa anwani ya Parokia ya Ediofe,
Arua.
8 Novemba 1998

Mpendwa mwanangu Ondoga,

Nakusalimu kwa moyo wote. U mzima? Kile kikohozi cha baridi ya Uingereza kimekuachia? Sisi tunaendelea. Mvua ilinyesha vizuri na mtama tumeanza kuvuna. Goti langu huuma asubuhi, mchana linanisahau.

Barua yako ilifika Jumatatu. Asante kwa picha ya Drani mbele ya mashine yenu. Tangu tulipomzika mwezi wa tano sikuwa na picha ya mwanangu akicheka.

Asante pia kwa kunieleza kazi mliyoifanya pamoja, bila kunidharau kwamba niliishia darasa la sita. Nilifanya ulivyoniagiza: nikachana karatasi ya daftari, nikaiviringisha. Nilipoiviringisha sawasawa, mistari ilikutana ikawa pete. Nilipoiviringisha kimshazari, mistari ilipanda ikizunguka. Kumbe ndivyo vilivyo vibomba vyenu vya kaboni, vidogo hata jicho halivioni. Kaboni ni ile ile ya masizi, ila namna ilivyoviringishwa huamua kama umeme utapita kama kwenye waya, au utasita mpaka usukumwe. Na unene wa kibomba huamua kitameza mwanga wa rangi gani.

Shemeji yangu Onzima alinikuta na karatasi kumi mezani. "Shemeji, sasa wewe iko profesa? Karatasi hii mimi nafunga tumbaku kila siku, umeme hapana kuja hata moja!" Nilicheka, mwanangu. Sikuwa nimecheka tangu msiba.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya mazishi nilishika shati la Drani lenye doa jeusi mkononi, nikasema mbele ya watu kwamba masizi ya kazi yenu ndiyo yaliyomuua, na kwamba wewe ndiwe uliyemwingiza. Uliinama ukaendelea kufukia kaburi. Leo unaniandikia kwamba umeacha kazi, na daftari la Drani umelifunga mpaka mimi niseme.

Muuguzi Driciru amenisomea tena cheti cha hospitali, polepole: malaria iliyopanda kichwani. Aliipata hapa, likizoni, chini ya chandarua changu chenye matundu. Nilikuwa nalijua hilo, nikatafuta mtu wa kunibebea lawama.

Kwetu neno la mama lililotamkwa mbele ya watu huondolewa mbele ya watu. Leo Jumapili niliwaita wote waliokuwapo. Onzima alileta maji kwenye kibuyu, nikayatia kinywani, nikayapuliza chini, nikasema: "Ondoga hana kosa. Neno langu nimeliondoa." Mama yako mzazi alilia. Hata wale waliokuwa wakikusema waliitikia.

Kule ukimbizini Zaire ulikuwa ukimpa Drani kipande kikubwa cha muhogo, ukidai umeshiba. Sikukushukuru hata siku moja. Nakushukuru leo.

Basi lifungue daftari. Vipime vile vibomba alivyoviacha, uandike jibu litakalotoka, liwe lolote. Kama Drani alikosea, andika kwamba alikosea. Usilipambe kwa ajili yangu. Nataka kujua alichokuwa anakitafuta.

Mama yako, Onzima na Driciru wanakusalimu sana. Mungu akulinde mikono na macho.

Mimi nikupendaye kama niliyekuzaa,
mama yako mdogo,
Eyotaru