Dakika Ishirini na Tano Juu ya Uwanja wa Homa Bay

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Homa Bay. Jumanne, 6 Februari 1968.
Jina: Nicanor Onyango. Umri: miaka 74. Kazi: mwalimu mstaafu, baadaye mwangalizi wa uwanja wa ndege. Makazi: kando ya uwanja huo.

Kwa zaidi ya miaka miwili nimeficha kilichoichelewesha ndege iliyotoka Migori. Daktari ameniambia huenda nisiumalize mwezi huu. Momanyi bado yumo gerezani.

Mnamo tarehe 11 Septemba 1965, Jumamosi, ndege ndogo iliondoka Migori saa tatu asubuhi. Ilikuwa na rubani Mzungu na Momanyi, mlinzi wa mfuko wa dhahabu ya machimbo ya Masara. Kwa njia ya angani ni maili thelathini na saba, na ndege ile ilizoea kutumia dakika ishirini. Siku hiyo ilitua saa nne kasorobo. Mfuko ulipopimwa hapa, dhahabu ilipungua.

Onsongo, karani aliyeufunga mfuko huko Migori, alipiga simu akasema bila shaka walitua kwanza kwenye uwanja mwingine, Kisegi, wakaipunguza dhahabu huko. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba ndege imechelewa. Hadi leo najiuliza alijuaje.

Rubani alisema alizunguka kwa sababu ya ng'ombe. Inspekta akaja kwangu.

"Mwalimu, kulikuwa na ng'ombe uwanjani?"

"Uwanja ulikuwa mtupu," nilimjibu.

Aliniamini. Mimi ni mzee wa kanisa la Waadventista, na siku hiyo ilikuwa Sabato. Momanyi alifungwa miaka mitano kwa wizi wa dhahabu hiyo.

Mkewe, Nyasuguta, alikuja kwangu. "Baba, wewe ndiye uliyekuwa hapo chini. Sema tu ulichoona." Nilimpa chai. Hakuinywa.

Afande, unanitazama kana kwamba Onsongo alinihonga. Simjui hata kwa sura.

Watu wa mchumba wa binti yangu Roselyn walileta ng'ombe wa mahari kutoka Ndhiwa. Tulikubaliana Jumapili, wakafika Sabato hiyo. Kanisa lingenivua uzee kwa kupokea mahari siku ya Sabato, lakini sikuwarudisha. Niliwaambia wawasimamishe ng'ombe uwanjani, kwenye majani. Ndege ilipofika tulikuwa tunabishana juu ya mtamba mmoja aliyechechemea. Ng'ombe akishaingia bomani kwangu amekubaliwa, na huyo sikumtaka.

Javan, msemaji wao, alitazama juu akacheka. "Jaduong', mzee wangu, iache izunguke. Yenyewe haikutoka Ndhiwa kwa miguu."

Ilizunguka juu yetu muda wote. Haikutoweka machoni pangu, wala haikuelekea Kisegi. Hatimaye Javan alikubali kumbadilisha mtamba, ng'ombe wakaondolewa, ndege ikatua.

Kortini rubani alisema pia kwamba alionyeshwa bendera nyekundu, ya kumkataza kutua. Hakimu alimwona mwongo, kwa kuwa uwanja mtupu hauhitaji bendera. Bendera hiyo hukaa nyumbani kwangu.

Nimesema haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu, bila kutishwa wala kuahidiwa chochote. Limebaki neno moja. Ng'ombe wale wangeweza kuondolewa mara moja. Bendera niliiinua mimi.

Sahihi: N. Onyango

Yameandikwa nami na kusomwa mbele ya shahidi, ambaye hakurekebisha kitu. Faili la kesi ya Momanyi nimeliagiza leo.
Koplo J. Nyarangi