Nilimjibia Mume Wangu Aliyepooza

Mshauri wangu mpendwa, Mungu akuzidishie, naomba unisikilize kabla hujanihukumu.

Nina miaka kumi na sita nikiosha vifaa kwa daktari wa meno, ganzi naijua, basi mume wangu, fundi viatu, alipopigwa na kiharusi, mdomo ukaenda upande na mkono wa kulia ukalala, daktari wa hospitali akatuambia wanafanya utafiti, wanajaribu kama dawa ya ganzi inaweza kuusaidia ubongo, nami nikajifanya mjuzi nikamwambia, "Daktari, mtu nusu mwili umekufa ganzi, nawe unataka kumwongezea nyingine?" Wauguzi wakacheka. Daktari akamwinamia mume wangu, "Mzee, ukikubali nibane kidole," naye akabana, niliona kwa macho yangu, lakini nikasema hiyo ni mishipa tu inacheza, na karatasi ya kumkubalia sikuitia sahihi.

Mwezi wa pili tangu augue, ulimi ulipofunguka, akaniuliza, "Mama watoto, ile dawa walinipa?" Nikasema walikupa. Mungu anisamehe. Tangu hapo mazoezi hataki, nikimshika mkono ananiambia, "Niache, dawa inafanya kazi taratibu," na mkono unazidi kukakamaa, na Jumanne tunarudi kliniki, anataka kumshukuru daktari. Nasali, ila kumwambia bado sijamwambia. Je, nimemnyima uponyaji? Nimwambie?

Mama wa Ganzi

Pole, mama. Uponyaji hujamnyima, kwa kuwa hakuna anayejua kama upo. Ndiyo maana wakauita utafiti: baadhi hupewa dawa, wengine maji ya chumvi yasiyo na dawa, halafu ndipo wanapima. Hata hofu yako haikuwa ya kijinga, ungeuliza, ungejibiwa. Lakini mwenzio alikuwa amebakiwa na njia moja tu ya kusema "ndiyo", nawe ukaisikia ukaikana. Hapo umekosa. Kisha ukamdanganya, na uongo huo ndio unaomkakamaza mkono leo, si kiharusi peke yake.

Unasali, vizuri. Ukishasema amina, inuka ukamwambie. Usingoje Jumanne, asije akaumbuka mbele ya daktari akishukuru kitu ambacho hakupewa. Mwambie mkiwa wawili, na usiseme shetani alikupitia. Akikasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Ila mazoezi yaanze siku hiyohiyo: mkunje kiwiko, mnyooshe vidole kimoja kimoja kama mlivyoelekezwa, asubuhi na jioni, hata kama hakusemeshi.